Wapakia Nyama wa Green Bay

(Hotuba niliyoitoa mbele ya familia zinazozungumza Kiswahili, kaskazini mashariki mwa Wisconsin)

Shikamooni wazee wetu. Ndugu mliotoka Appleton na Oshkosh na baridi hii, asanteni kwa kuja. Na nyinyi vijana mliovaa jezi za kijani na njano, nawaona mmewahi viti vya mbele.

Walioniomba nizungumze leo ni kina mama. Walinifuata baada ya kikao cha mwezi uliopita wakaniambia: Baba Neema, watoto wetu kila Jumapili wako mbele ya televisheni wanapiga kelele, timu ikipoteza hawali, na sisi hatujui hata wanachokishangilia. Tueleze hawa Packers ni watu gani. Nimelipokea ombi hilo kwa mikono miwili, kwa sababu naipenda timu hii ya mji wa Green Bay, inayocheza mpira wa miguu wa Kimarekani, na kwa sababu naamini historia yake inatuhusu sisi wageni wa hapa kuliko tunavyodhani.

Tuanze na jina. Wangapi humu ndani wamewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha nyama? Nyoosheni mikono, msione haya. Mnaona? Karibu nusu ya ukumbi. Mimi nilifanya miaka minne, zamu ya usiku. Naijua ile glavu ya chuma inayovaliwa mkono usioshika kisu. Nayajua mabuti yanayoteleza kwenye mafuta. Naujua mkono wa kulia ambao asubuhi haufunguki mpaka uumwagie maji ya moto. Usiku mmoja, kwenye saa tisa hivi, tumekaa kantini na chai, mzee mmoja wa Kimeksiko niliyekuwa nakata naye mabega ya ng'ombe akaigusa herufi G iliyoshonwa kwenye kofia yake akaniuliza kama najua maana ya Packers. Nikasema sijui. Akasema: ni wapakia nyama. Ni sisi.

Nilidhani ananitania. Nilipofuatilia, nikakuta ni kweli tupu.

Tarehe 11 Agosti 1919, jioni, kundi la vijana lilikutana kwenye chumba cha wahariri wa gazeti la Green Bay Press-Gazette. Waliowaita walikuwa wawili. Mmoja ni George Whitney Calhoun, mhariri wa michezo wa gazeti hilo. Wa pili ni Earl Lambeau, kijana wa miaka 21 ambaye kila mtu alimwita Curly kwa ajili ya nywele zake za mawimbi. Lambeau alikuwa amecheza mwaka mmoja chuoni Notre Dame, akaugua mafindofindo, akarudi nyumbani, na hakwenda tena. Alipata ajira kwenye kampuni ya Indian Packing, iliyokuwa ikitengeneza nyama ya makopo. Akamwomba mwajiri wake pesa za jezi. Akapewa dola 500 na ruhusa ya kufanyia mazoezi kwenye uwanja wa kampuni. Timu ikachukua jina la kazi ya pale. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na nyingine miaka miwili tu baadaye, na leo haipo. Jina limebaki.

Msimu ule wa kwanza walicheza michezo 11 wakashinda 10. Uwanja haukuwa na uzio wala mlango, kwa hiyo huwezi kumtoza mtu kiingilio; watu walisimama pembeni, wengine ndani ya magari yao, na Calhoun akawa anawapitia na kofia mkononi kama kapu la sadaka. Msimu ulipoisha waligawana walichopata. Kila mchezaji aliondoka na dola 16 na senti 75. Hiyo ni ya msimu mzima.

Mwaka 1921 wakaingia kwenye ligi ya taifa, ile ambayo mwaka uliofuata ilianza kuitwa NFL. Msimu ulipoisha wakafukuzwa kwa kosa la kuchezesha wanafunzi wa vyuo kwa majina ya bandia, Lambeau akaenda kuomba radhi, akalipa dola 50, wakarudishwa. Sitakaa hapo. Nataka kukaa kwenye mvua ya mwaka 1922, maana mvua ile ndiyo iliyotuletea timu tunayoiona leo.

Wakulima mliopo hapa mtanielewa haraka. Mapato ya timu yalikuwa kiingilio cha mlangoni tu, na mvua ikinyesha watu hawaji. Packers wakanunua bima ya mvua: ikinyesha kiasi fulani siku ya mchezo, kampuni ya bima itawalipa. Mvua ikanyesha kweli. Watu hawakuja. Walipokwenda kudai, mvua ikapimwa, ikaonekana imepungua kiwango kwa sehemu moja ya mia ya inchi. Hawakulipwa hata senti. Wiki chache baadaye ikaja Siku ya Kutoa Shukrani, mchezo mwingine umepangwa, na mvua inamiminika tena. Lambeau na Calhoun wakaanza kujadili kama wauvunje. Kucheza ni kujiongezea deni, na kuahirisha ni kukiri kwamba timu imekufa.

Ndipo anapoingia mtu ninayeamini ni mkubwa kuliko wote katika historia hii, mkubwa kuliko hata makocha waliosimamishiwa sanamu. Andrew Turnbull alikuwa msimamizi wa biashara wa lile gazeti. Aliwaambia vijana: chezeni, halafu mimi nitazungumza na wafanyabiashara wa mji. Wakacheza, wakapata hasara, naye akatimiza. Aliwakusanya watu wa mji, na mwaka 1923 timu ikasajiliwa kuwa shirika la umma lisilo la faida. Wakauza hisa, dola 5 kila moja, na anayenunua alitakiwa anunue pia tiketi za msimu zisizopungua sita. Zilipatikana dola kama 5,000. Walioongoza jambo hili walikuwa watano: Turnbull, Lambeau, wakili mmoja, daktari mmoja na mwenye duka la jumla la vyakula. Watu wakawapa jina la Watano Wenye Njaa, kwa sababu kila ulipowaona wanakuja ulijua wanataka mchango. Sisi tunawajua watu wa namna hiyo. Kila jumuiya inayo na hapa kwetu wamekaa meza ya pembeni na daftari lao.

Sasa nisikilizeni vizuri kwenye jambo la hisa, maana hapo ndipo ilipo siri. Hisa ya Packers haina gawio. Haipandi thamani. Huwezi kuiuza kwa mtu, unaweza tu kumwachia ndugu wa damu au kumpa akiwa wa familia yako. Haikupi kiti uwanjani. Haikupi punguzo la tiketi. Inakupa kura moja kwenye mkutano mkuu wa mwaka, unaofanyika Julai ndani ya uwanja wenyewe, ambako mnachagua bodi na kusomewa mapato na matumizi. Na kuna kifungu kingine kizito: ikitokea timu imeuzwa, pesa haziendi kwa wenye hisa. Hapo mwanzo zilipangwa zijenge mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi waliokufa vitani. Mwaka 1997 ikabadilishwa, zikapangiwa mfuko wa hisani wa timu. Maana yake ni kwamba hakuna binadamu yeyote anayeweza kutajirika kwa kuiuza Packers. Sasa nani atapata tamaa ya kuiuza?

Angalieni kilichowapata wenzao. Katika miaka ya mwanzo ligi ilikuwa imejaa timu za miji midogo: Canton, Rock Island, Duluth, Pottsville. Zote zimekwenda. Zilikufa, au mwenye nazo alizihamishia mjini penye watu na pesa. Hata siku hizi tajiri akikosana na mji kuhusu uwanja anaihamisha timu kama mtu anayehama nyumba ya kupanga. Green Bay ina watu wapatao 107,000 tu. Ni mji mdogo kuliko yote yenye timu katika ligi hiyo, na uwanja wake una viti 81,441. Robo tatu ya mji ingeingia ikakaa.

Lakini msidhani waliokoka mara moja wakapumzika. Mwaka 1931 mtazamaji mmoja alianguka jukwaani akashtaki, akashinda dola 5,000. Bima ilikuwepo, ila kampuni ya bima yenyewe ilifilisika, na deni likaiangukia timu, wakati huohuo Marekani nzima ina njaa ya ule mdororo mkubwa wa uchumi. Timu ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Mwaka 1935, mwaka uleule ambao Dar es Salaam ilizaa Yanga, watu wa Green Bay walichangishana dola 15,000 na kuisimamisha upya. Mimi ni mtu wa Kigoma na ni Yanga tangu tumboni mwa mama, kwa hiyo mwaka huo naushika kwa mikono yote miwili.

Halafu ikaja 1950, na hii ndiyo hadithi inayonigusa zaidi. Lambeau alikuwa ameongoza miaka 31, ameleta ubingwa mara sita, lakini mwishoni akagombana na bodi. Kambi ya mazoezi aliyoinunua kwa gharama kubwa iliungua moto Januari ya mwaka huo, na wiki moja baadaye mwenyewe akaacha kazi akaenda Chicago kufundisha timu nyingine. Timu haina pesa wala mwasisi wake. Wakatangaza hisa tena, dola 25 kila moja. Mwanamke mmoja kutoka shamba lililo karibu na Wrightstown alifika ofisi za timu na boksi la kiberiti. Ndani yake mlikuwa na sarafu za senti 25, zimefika dola 25 kamili. Zihesabuni: ni sarafu mia moja. Mtu aliyewahi kuweka akiba ya sarafu anajua mia moja zinavyokusanywa. Moja ya mayai, moja ya maziwa, moja iliyobaki baada ya kununua sabuni. Aliziweka mezani, akapewa karatasi isiyolipa kitu, akarudi shambani. Zilipatikana dola 118,000 hivi katika uuzaji ule, na timu ikaendelea kuishi.

Wameuza tena mwaka 1997, tena 2011, na mara ya mwisho kuanzia Novemba 2021, safari hii dola 300. Hapo ndipo na mimi nilipoingia. Nilimwambia Mama Neema nataka kununua. Akaniuliza faida yake nini, nikamjibu ukweli, hakuna. Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza ile habari ya mwanamke wa boksi la kiberiti kama ni ya kweli. Nikamwambia ni ya kweli. Akasema, basi nunua, lakini iandikwe jina ambalo mtoto ataweza kurithi. Karatasi ile imetundikwa sebuleni kwetu, kati ya picha ya marehemu mama yangu na cheti cha Neema cha darasa la kwanza. Wenye hisa tuko zaidi ya 530,000. Ligi imepiga marufuku umiliki wa namna hii kwa timu nyingine yoyote. Packers wameachwa tu kwa sababu walikuwepo kabla ya sheria.

Kijana mmoja amenyoosha mkono, najua swali lake. Hisa hazitoshi kulipa mishahara ya wachezaji wa siku hizi, ni kweli kabisa. Pesa za hisa za miaka ya karibuni hujenga na kukarabati uwanja. Kinachoilisha timu kila siku ni haki za televisheni. Mwaka 1961 ligi ilikubaliana kuziuza kwa pamoja na kugawana sawasawa, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuruhusu hilo. New York wanapata kiasi kilekile wanachopata Green Bay, na siku hizi fungu la kila timu kutoka kapu la ligi limepita dola milioni 400 kwa mwaka. Bila mgawo ule, mapenzi ya mji peke yake yasingeweza kuwafikisha hapa. Nalisema hili ili tusidanganyane: Turnbull aliihifadhi timu mpaka mgawo ukaikuta hai.

Sasa tuje kwa Lombardi, ambaye jina lake mnalisikia kila mwaka, maana kombe la Super Bowl, mchezo mkuu wa kumpata bingwa, limepewa jina lake. Mwaka 1958 Packers walishinda mchezo mmoja tu, wakatoka sare mmoja, wakapoteza 10. Mwaka uliofuata wakamwajiri Vince Lombardi, Mmarekani wa asili ya Kiitalia kutoka Brooklyn, mtoto wa mwuza nyama. Ndiyo, nyama tena. Katika miaka saba, kuanzia 1961 hadi 1967, alitwaa ubingwa mara tano, zikiwemo Super Bowl mbili za kwanza kabisa. Alikuwa mkali wa saa. Kwake, aliyefika saa iliyopangwa amechelewa; ulitakiwa uwe pale dakika 15 kabla. Mpaka leo saa kubwa iliyo juu ya lango la uwanja inakwenda mbele dakika 15. Mkipita pale na simu zenu zikasema vingine, msidhani imeharibika.

Ila kwangu mimi, sifa ya Lombardi iko kwenye jambo lingine. Packers hawakuwa na mchezaji mweusi mpaka 1950, alipokuja Bob Mann. Lombardi alipofika, mji huu ulikuwa na watu weusi wa kuhesabika kwa vidole, na mchezaji mweusi aliyekuwepo alikuwa amepangishiwa chumba kibovu ambacho mzungu asingepewa. Lombardi aliingilia. Akawatumia ujumbe wenye baa na mikahawa ya mji: mahali patakapombagua mchezaji wangu mmoja, hapatakanyagwa na timu nzima. Huko kusini, ambako hoteli zilitenganisha rangi, aliwahi kuilaza timu yote kwenye kambi ya jeshi Georgia ili asiwagawe. Akina Willie Davis, Herb Adderley, Dave Robinson walistawi chini yake. Willie Wood hakuchaguliwa na timu yoyote alipomaliza chuo. Aliandika barua kuomba nafasi, Lombardi akamjaribu, na leo yuko kwenye Ukumbi wa Magwiji wa mchezo huu. Ndugu zangu, mnaijua barua ya kuomba kazi inayoandikwa na mtu asiyemjua yeyote. Wengi wetu tumeiandika.

Miaka mingi baadaye, 1993, wachezaji walipopata haki ya kuchagua waende wapi, watu walisema hakuna nyota mweusi atakayechagua Green Bay kwa hiari yake. Mchungaji Reggie White, mlinzi aliyetakiwa na timu zote kubwa, akachagua Green Bay. Januari 1997 wakatwaa Super Bowl, na yeye siku ile alimwangusha mara tatu kwotabeki, yaani mwongoza mashambulizi, wa timu ya New England.

Kina mama, kidogo tu kuhusu mchezo wenyewe ili mfuate ninachokuja kusimulia. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapata manne mengine, ikishindwa inaunyang'anywa. Kuufikisha mpira mwisho wa uwanja ni tachidauni. Kwotabeki ndiye mwenye kuamua kila jaribio.

Tarehe 31 Desemba 1967. Packers na Dallas Cowboys, fainali ya ligi, uwanja wa Lambeau. Baridi ni nyuzi 25 chini ya sifuri kwa vipimo vyetu. Chini ya nyasi walikuwa wamefukia nyaya za umeme za kupasha ardhi joto. Mfumo ukashindwa, na uwanja ukawa barafu. Waamuzi walipopuliza, filimbi za chuma ziliganda kwenye midomo na kung'oa ngozi, wakazitupa wakaongoza mchezo kwa sauti. Bendi ya chuo iliyokuja kupiga haikuweza, vyombo viliganda, na baadhi ya wapigaji walikimbizwa hospitali. Watu 50,861 wakabaki vitini.

Zimebaki dakika tano kasoro kidogo, Dallas wanaongoza 17 kwa 14, Packers wana mpira na yadi 68 za kwenda. Wakasogea kidogokidogo mpaka yadi ya mwisho. Wakajaribu mara mbili, mbeba mpira akateleza mara zote mbili. Sekunde 16. Wakachukua mapumziko yao ya mwisho. Kulikuwa na njia salama, kupiga mpira kwa mguu, kupata pointi tatu na kusawazisha. Kwotabeki Bart Starr akaenda pembeni akamwambia Lombardi kwamba mbeba mpira hana mahali pa kukanyaga, lakini yeye mwenyewe anaweza kupenya. Lombardi akamwambia apenye, waondoke pale. Starr hakuwaambia wenzake kwamba atabaki nao mpira. Jerry Kramer na mwenzake wakamsukuma mlinzi wa Dallas, pakafunguka pengo la mtu mmoja, Starr akaangukia ndani. 21 kwa 17. Wakashuka Miami majuma mawili baadaye wakachukua Super Bowl ya pili, ambayo siku zile ilimkutanisha bingwa wa NFL na bingwa wa ligi pinzani.

Mataji ya timu hii ni 13, hakuna yenye mengi zaidi, na la mwisho ni la msimu wa 2010. Mengine vijana watawasimulia, wanayajua kuliko mimi. Wao pia watawaeleza kofia ya sponji yenye umbo la kipande cha jibini, iliyoanza 1987 kijana wa Milwaukee alipokata sponji ya kochi la mama yake, na ile desturi ya mchezaji akifunga kurukia jukwaani mikononi mwa watu, aliyoianzisha LeRoy Butler mwaka 1993. Mimi nachagua moja tu, baiskeli.

Kila mwisho wa Julai, mazoezi yakianza, watoto wanapanga mstari nje ya uwanja na baiskeli zao. Desturi hii ilishika mizizi siku za Lombardi. Mchezaji anatoka, anachagua mtoto, anapanda baiskeli ya mtoto yule kuvuka kwenda kwenye uwanja wa mazoezi, na mtoto anakimbia kando yake amembebea kofia yake ngumu ya mchezo. Neema alipokuwa na miaka tisa alichaguliwa. Baiskeli yake ilikuwa ya zambarau, tuliinunua ikiwa imetumika, na kiti tulikifunga kwa utepe mweusi. Mchezaji yule alikuwa na kilo si chini ya 130, magoti yamepanda mpaka kifuani. Akamuuliza jina. Neema akasema. Akauliza maana yake. Mtoto akamweleza huku anakimbia na ile kofia ameikumbatia kwa mikono yote miwili, imemziba macho nusu. Walipofika akamshukuru kwa jina, akalitamka sawasawa. Utepe ule bado upo kwenye kiti. Neema amekataa tuubadilishe.

La mwisho. Tiketi za msimu zimeisha tangu 1960 na orodha ya wanaosubiri imepita watu 140,000, kwa hiyo wengi wetu hatutakaa kwenye viti vile kirahisi. Lakini kuna njia nyingine ya kuingia. Theluji ikianguka kabla ya mchezo, timu hutangaza kwamba inahitaji watu wa kusafisha majukwaa. Unafika alfajiri, unapewa beleshi, unalipwa kwa saa, na unalipwa ukimaliza. Nilikwenda majira ya baridi ya kwanza baada ya kuacha kiwanda. Kando yangu alisimama mzee wa miaka 60 na ushei, kofia ya manyoya, hana haraka. Theluji tunaisukuma kwenye mifereji ya kushukia, inateremka mpaka uwanjani, inabebwa. Tulifanya kazi saa nzima bila neno. Tulipofika upande wa kusini akasimama, akaniuliza kama naijua habari ya baridi ya 1967. Nikamwambia naijua.

Akasema alikuwa na miaka 12. Baba yake alimfunga magazeti tumboni chini ya koti, na soksi jozi tatu. Akanyoosha beleshi kuelekea mstari wa uwanja chini kabisa, akasema Starr aliangukia pale. Kisha akaligeuza akagonga benchi tuliyokuwa tunaisafisha, safu mbili juu ya miguu yangu. Akasema: sisi tulikuwa hapa, baba kushoto, mimi kulia. Benchi ile aliisafisha mwenyewe, hakutumia beleshi, alivua glavu akaifuta kwa mkono. Nilimsubiri. Halafu tukapanda safu inayofuata.

Asanteni sana. Maswali tuyachukue wakati chai inamiminwa.